Bosi anataka bekapu kila dakika kumi na mfumo unaganda: nifanyeje?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Nasimamia kompyuta za kampuni ndogo inayonunua dagaa hapa Mwanza. Ofisi ipo Kirumba, karibu na soko la Mwaloni, na tuna kituo cha kupokelea mzigo Ukerewe na kingine Sengerema. Mfumo wetu unatumia programu ya hifadhidata ya MySQL 8 juu ya Linux. Ndani yake kuna mapokezi ya kila mtumbwi, bei, fedha tunazowatangulizia wenye mitumbwi, na malipo yao. Hifadhidata imefika GB 38. Kila saa nane usiku programu ya mysqldump inachukua bekapu na kuiweka kwenye diski ya nje iliyochomekwa kwenye seva hiyohiyo. Mwezi uliopita umeme ulikatika saa nne asubuhi, ukarudi kwa kishindo, diski ya seva ikafa. Tulirejesha bekapu ya usiku, lakini mapokezi yote ya alfajiri yalipotea na tukabaki kubishana kilo na wavuvi. Sasa bosi anataka bekapu kila dakika kumi. Nilijaribu kila saa tu, mfumo ukawa unaganda na makarani wa mizani wakanijia juu. Rafiki yangu mmoja anasema niweke seva ya pili inayonakili kila kitu, nisahau habari za bekapu. Mwingine anasema nikopi tu folda ya /var/lib/mysql yenye mafaili ya hifadhidata, ni haraka zaidi. Intaneti yetu inakuja na kuondoka. Nishike lipi?"*

Pole kwa hasara, ndugu yangu. Na hongera pia, maana ulikuwa na bekapu ya usiku na ilipohitajika ilirejea. Wapo wengi ambao diski ikifa ndipo wanagundua kwamba walichokuwa wakikitunza miezi yote ni mafaili matupu.

Bosi wako hana kosa katika anachokitaka, ila amekitaja kwa jina lisilo lake. Anachotaka hasa ni kwamba siku likitokea lingine kama lile, kazi itakayopotea isizidi dakika kumi. Hilo linawezekana kwa vifaa vya kawaida kabisa, na kwa kweli unaweza kumpa dakika moja badala ya kumi. Lakini hutalipata kwa kunakili hifadhidata nzima kila dakika kumi. Piga hesabu: siku moja ina vipindi 144 vya dakika kumi. GB 38 mara 144 ni zaidi ya terabaiti 5 za kusomwa kwenye diski kila siku, ili kuokoa mapokezi mapya ambayo huenda hayafiki hata megabaiti mia chache. Hakuna diski ya seva ndogo itakayobeba hayo huku makarani wakipima mzigo.

Kwanza tuangalie kwa nini mfumo uliganda, kwa sababu sehemu ya tatizo inaondoka leo hii bila kununua kitu. Hukuniambia mysqldump unaiita kwa vigezo gani, yaani maelekezo gani ya ziada. Ukiiita vivi hivi, tabia yake ya kawaida ni kuyafunga majedwali ya hifadhidata ili yasibadilike wakati inayasoma. Karani akijaribu kuingiza kilo, ombi lake linapanga foleni mpaka kazi iishe. Usiku hakuna anayeona. Saa tatu asubuhi kila mtu anaona. Dawa yake ni kigezo --single-transaction. Kwa majedwali ya aina ya InnoDB, ambayo ndiyo ya kawaida katika MySQL 8, kigezo hiki kinaiwezesha mysqldump kusoma hali ya hifadhidata kama ilivyokuwa sekunde ilipoanza, huku wengine wakiendelea kuandika bila kuzuiwa. InnoDB inaweza hivyo kwa sababu huhifadhi matoleo ya zamani ya safu zinazobadilishwa mpaka yule anayeyahitaji amalize.

Mambo mawili ya kuangalia hapo. La kwanza, hakikisha kweli majedwali yako yote ni InnoDB. Mifumo iliyorithiwa toka miaka ya nyuma mara nyingi ina jedwali moja au mawili ya MyISAM, aina ya zamani, yaliyosahaulika, na hayo --single-transaction haiyalindi. Uliza information_schema.tables, orodha ya ndani ya MySQL, ikuorodheshee aina ya kila jedwali, na yaliyobaki nyuma uyahamishe. La pili, bekapu ikiwa inaendelea, asiwepo fundi wa programu anayebadilisha muundo wa majedwali. ALTER TABLE ikipita katikati, bekapu inaweza kufa au kutoka na kasoro.

Hata hivyo --single-transaction haiondoi uzito wa kusoma GB 38. Inaondoa foleni, diski inaendelea kutoka jasho. Ndiyo maana jibu la bosi halipo hapo.

Fikiria daftari la mapokezi la pale mzani. Anayetaka nakala yake ya uhakika hahitaji kulinakili lote upya kila karani anapoandika mstari. Analinakili lote mara moja usiku, kisha asubuhi anasimama pembeni na kila mstari mpya unapoandikwa naye anauandika kwake. Daftari la mzani likianguka majini saa nne, anachukua nakala ya usiku, anabandika mistari ya asubuhi, na hesabu inakamilika hadi mstari wa mwisho aliouwahi.

MySQL inayo tayari hiyo mistari. Inaitwa binlogi, kumbukumbu ya kila badiliko lililokubaliwa, kwa mpangilio wake. Katika MySQL 8 imewashwa tangu mwanzo, labda kama kuna mtu aliizima akidhani anaokoa nafasi. Andika SHOW BINARY LOGS na utaona mafaili na ukubwa wake. Kwa hiyo bekapu ya mara kwa mara ya hifadhidata inayofanya kazi ni vitu viwili vinavyokwenda pamoja: nakala nzima kwa nafasi ndefu, na binlogi zinazotolewa nje ya seva bila kukoma. Kimoja bila kingine hakikufikishi. Mwezi uliopita ulikuwa na cha kwanza, na cha pili kilikuwa kwenye diski ileile iliyokufa.

Namna ya kuzitoa nje ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Tafuta kompyuta ya pili, hata ya mezani iliyotumika, yenye Linux na diski nzima. Iweke chumba kingine na kwenye UPS yake, betri ya kushika umeme unapokatika. Humo endesha programu ya mysqlbinlog ikiwa na --read-from-remote-server, --raw na --stop-never. Itajiunga na seva kwa mtandao wa ofisini na kuvuta kila badiliko mara tu linapoandikwa. Seva ikilipuka, ulichopoteza ni sekunde chache. Mtego wake ni kwamba muunganisho ukikatika haijirudishi yenyewe, basi iweke chini ya systemd, msimamizi wa programu wa Linux, ili iamshwe, na skripti yako ijue kuanzia faili la mwisho ililofikia. Nasisitiza pia kompyuta ya bekapu ndiyo ivute, seva isisukume. Virusi vya kufunga mafaili na kudai fedha vikiingia kwenye seva, visikute humo nywila ya kufikia bekapu na kuzifuta.

Kabla ya hapo angalia vigezo viwili: sync_binlog na innodb_flush_log_at_trx_commit. Vyote viwe 1, kama vinavyokuja. Mitandaoni kuna ushauri mwingi wa kuvishusha ili mfumo uwe mwepesi, na kweli utakuwa mwepesi. Lakini maana yake ni kwamba karani ataambiwa "imehifadhiwa" kabla data haijafika kwenye diski. Umeme ukikatika wakati huo, muamala aliouona kwa macho yake haupo. Kwa ofisi ambayo umeme unaichezea, huo ni wepesi wa bei mbaya.

Sasa nirudi kwa marafiki zako wawili.

Yule wa kukopi folda amekosea, na kosa lake ni la hatari kwa sababu halionekani. MySQL ikiwa inafanya kazi, sehemu ya data ya karibuni ipo kwenye kumbukumbu ya RAM na bado haijamwagwa kwenye mafaili. Zaidi ya hapo, kukopi GB 38 kunachukua dakika nyingi. Faili la mapokezi utalikopi saa tatu na dakika tano, la malipo saa tatu na dakika ishirini, na kati ya hapo watu wameendelea kuandika. Unachopata ni vipande vya nyakati tofauti vilivyowekwa folda moja. Mara nyingine MySQL itakataa kuwaka juu ya nakala hiyo, na hapo una bahati. Mara nyingine itawaka vizuri, na miezi miwili baadaye utakuta malipo yasiyo na mapokezi.

Folda inakopika salama kwa njia tatu tu. Ama seva iwe imezimwa kabisa. Ama uchukue picha ya diski nzima kwa mkupuo mmoja kwa LVM au ZFS (mifumo ya kusimamia diski), data na logi zake zote zikiwa ndani ya picha hiyohiyo. Nakala ya namna hii ni sawa na seva iliyokatikiwa umeme, na InnoDB imeundwa kujiponya ikiwaka. Ama utumie programu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na kwa MySQL ninayoipendekeza ni Percona XtraBackup, ambayo ni ya bure. Hii hukopi mafaili huku ikifuatilia logi ya ndani ya InnoDB, kisha hatua yake ya --prepare hutumia logi hiyo kuvinyoosha vipande vyote viwe vya wakati mmoja. Toleo lake liendane na toleo la MySQL yako. Anayetumia MariaDB, ndugu wa MySQL, ana mariabackup. Ukiruka hatua ya --prepare, ulichonacho bado si bekapu.

Yule wa seva ya pili ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ni nzuri. Seva pacha inayopokea mabadiliko muda wote itakurudisha kazini kwa dakika chache diski ya kwanza ikifa. Mwezi uliopita ingekuokoa. Lakini seva pacha hutii kila kitu. Fundi akiandika DELETE, amri ya kufuta, akasahau WHERE inayotaja safu zipi, pacha naye anafuta, tena kwa sekunde ileile. Programu ikiwa na hitilafu inayoharibu bei, bei zinaharibika kwote kuwili. Pacha anakukinga na kifo cha kifaa. Dhidi ya mkono wa binadamu hana msaada, na kwa ninavyoona mkono wa binadamu huharibu data mara nyingi kuliko radi.

GitLab, kampuni ya kutunza msimbo wa programu mtandaoni, waliliona hilo Januari 31, 2017. Mhandisi wao alikuwa akihangaika na seva pacha iliyobaki nyuma, akafuta folda ya hifadhidata kwenye seva kuu akidhani yupo kwenye ile ya pili. Zilikuwa takriban GB 300. Walipokimbilia bekapu za kila siku walikuta hazipo. Programu ya bekapu iliyokuwa ikitumika, pg_dump, ilikuwa ya toleo lisiloendana na PostgreSQL, hifadhidata yao, ikawa inashindwa kila siku, na barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni picha ya LVM ambayo mtu alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa kazi nyingine kabisa. Waliyaeleza yote hadharani, na nawaheshimu kwa hilo. Walikuwa na wahandisi wengi na fedha. Sisi wa Kirumba tujipime hapo.

Ukitaka kutumia seva pacha kama kinga ya ziada, MySQL inaruhusu kuichelewesha makusudi, tuseme saa moja nyuma, kwa SOURCE_DELAY. Kosa likifanyika na likaonekana mapema, unaisimamisha kabla halijaifikia. Pia bekapu nzima unaweza kuichukua kutoka kwa pacha bila kuisumbua seva ya makarani. Kwa ukubwa wako, lakini, ningeanza na kompyuta ya kuvuta binlogi na XtraBackup. Pacha atakuja bajeti ikikubali.

Nakala nzima iwe mara ngapi, na ya aina gani? Hapa jiulize swali ambalo bosi hakuliuliza: mfumo unaweza kukaa chini kwa muda gani? Faili la mysqldump la GB nyingi linarejea polepole, kwa sababu MySQL inaingiza safu upya na kujenga faharasa upya. Kwa ukubwa wako inaweza kuchukua saa kadhaa kwenye mashine ya kawaida. Nakala ya XtraBackup inarejea kwa mwendo wa kukopi mafaili tu. Kwa upande mwingine, faili la mysqldump linasomeka, linahamishika kwenda toleo jingine, na unaweza kutoa humo jedwali moja bila tabu. Mimi ningechukua XtraBackup kila usiku na mysqldump mara moja kwa wiki. Saa nane usiku ni muda mzuri kwenu, mitumbwi ikiwa bado ziwani na mizani imelala. Ile ya mysqldump iwe na --single-transaction, --source-data=2, --routines na --events. Hicho --source-data=2 kinaandika ndani ya faili ni wapi kwenye binlogi nakala ilianzia. Bila alama hiyo hutajua mistari ya kubandika ianzie wapi.

Kosa dogo linalowaangusha wengi: watu huunganisha mysqldump na gzip, programu ya kubana mafaili, kwa mstari mmoja. Mysqldump ikifa katikati, gzip inamaliza vizuri, na skripti inaripoti mafanikio. Weka set -o pipefail mwanzoni mwa skripti ili kosa la mysqldump lisifichwe. Halafu soma mwisho wa faili: mysqldump iliyokamilika huacha mstari wenye maneno Dump completed. Mstari huo usipoonekana, faili hilo halijakamilika, hata kama ukubwa wake unakupendeza.

Suala la muda linahitaji neno la pekee kwetu sisi. Siku ya kurejesha, karani atakwambia, "Ilikuwa saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi." Seva inaiita 10:12. Kama seva imewekwa kwa saa za UTC, zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, kama zilivyo nyingi za kukodi, inaiita 07:12. Na mysqlbinlog ukiipa --stop-datetime, inausoma muda huo kwa saa za mashine unayoiendeshea. Fundi aliyechanganyikiwa na bosi akiwa amemsimamia kichwani anaweza kukosea hapo kwa saa tatu au kwa saa sita. Kwa hiyo tumia muda kukaribia tu, kisha ifungue binlogi kwa --verbose uione amri yenyewe iliyoharibu, na usimamie kwenye namba ya nafasi (mahali ndani ya binlogi) iliyo kabla yake. Ndani ya sekunde moja ya asubuhi yenye mzigo kunaweza kuwa na miamala kadhaa, na namba ya nafasi haina utata. Urejeshaji huo ufanyie kwenye mashine ya pembeni, kamwe si juu ya hifadhidata iliyo hai. Mara nyingi unachohitaji ni safu mia mbili zilizofutwa, na hizo unazichukua kule na kuzirudisha huku.

Diski ya nje iliyochomekwa kwenye seva iondoe. Ipo kwenye umeme uleule, inamtazama mwizi yuleyule, na inaonekana na kirusi kilekile. Tunaoishi kando ya ziwa hili tunazijua ngurumo za usiku. Radi ikipita kwenye waya haichagui kifaa. Nunua diski mbili. Moja ikiwa ofisini ikipokea nakala ya wiki, nyingine iwe nyumbani kwa bosi, Nyegezi au popote anapoishi, na mbadilishane kila Jumatatu. Kirumba na Nyegezi hazipigwi na radi moja.

Mtandao wako dhaifu usikuvunje moyo. Kutuma GB 38 kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde kungechukua karibu saa 17, na hilo halifai hata kulijaribu kila siku. Lakini binlogi za siku nzima zikiwa, kwa mfano, megabaiti 200, zinapita kwa kasi hiyohiyo kwa dakika tano na ushee. Kwa hiyo diski ibebe kilicho kizito na intaneti ibebe mabadiliko. Kila dakika kumi kompyuta ya bekapu iiambie seva FLUSH BINARY LOGS, yaani ifunge faili la binlogi na kufungua jipya, faili linalofungwa lisimbwe (lifichwe kwa ufunguo) kwa programu ya gpg, kisha litumwe kwenye hifadhi ya mtandaoni. Intaneti ikiondoka, mafaili yanajipanga na kusubiri. Ikirudi yanaondoka. Hapo dakika kumi za bosi zinakuwa na maana hata ofisi yote ikiungua.

Kusimba si hiari. Mafaili hayo yana majina ya watu, namba zao za simu na madeni yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamgusa anayekusanya taarifa hizo, na ina masharti kuhusu kuzisafirisha nje ya nchi, jambo linalotokea pale hifadhi unayoikodi inapokuwa ng'ambo. Bosi aulizie usajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kama bado. Ufunguo wa kusimbua usikae kwenye seva peke yake. Uchapishwe, ufungiwe kwenye bahasha, ukae na mtu wa pili unayemwamini. Bekapu iliyosimbwa ambayo ufunguo wake umeungua na seva haina tofauti na isiyokuwapo.

Muda wa kuzitunza: za usiku wiki moja, za wiki miezi miwili, za mwezi mwaka mzima. Binlogi zenyewe MySQL 8 huziondoa baada ya siku 30 kama hujagusa binlog_expire_logs_seconds. Kwenye kompyuta ya bekapu usifute binlogi yoyote iliyo mpya kuliko nakala nzima ya zamani zaidi unayotaka kuiendeleza mbele, kwa sababu ukikosa faili moja katikati, yote yanayofuata hayana pa kushikia. Na weka kengele ya diski kujaa. Seva ambayo diski yake imejazwa na binlogi huganda vilevile.

Kuhusu kujaribu kurejesha, najua hutaki kusikia, kwa sababu kazi haziishi. Lakini biashara yako ina nafasi ambayo wengine hawana. Mbalamwezi ikipevuka, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika na mzigo unapungua. Kila mwezi, siku hizo, chukua nakala ya usiku uliopita, irejeshe kwenye kompyuta ya bekapu, bandika binlogi hadi saa fulani ya asubuhi hiyo, kisha linganisha jumla ya kilo na jumla ya madeni na ripoti aliyonayo mhasibu kwa karatasi. Zikilingana, andika umetumia muda gani na umpe bosi namba hiyo. Zisipolingana umegundua ukiwa na nafasi ya kufikiri. Mara ya kwanza hazitalingana, nakuahidi, na mara nyingi itakuwa ni kitu kidogo kama haki za watumiaji au faili la mipangilio ambalo halikuwamo kwenye bekapu.

Kila siku pia upate ujumbe mmoja mfupi kwenye simu: bekapu imekamilika, ukubwa wake, faili la mwisho la binlogi. Usitengeneze mfumo unaokuambia pale tu inaposhindwa, maana unaweza kushindwa hata kukuambia. Ujumbe usipofika mpaka saa moja asubuhi, ndiyo kengele yenyewe.

Na zile kilo mlizobishania? Hata ukifanya yote niliyoyasema, kuna sekunde za mwisho ambazo kompyuta haitaziokoa. Rudisheni kitabu cha stakabadhi chenye nakala ya kaboni pale mzani, karatasi moja kwa mwenye mtumbwi na moja kwa karani, zitunzwe mpaka hesabu ya jioni ifungwe. Kijana wa kompyuta kuomba karatasi si aibu. Mvuvi akiwa na stakabadhi mkononi hana haja ya kuamini seva yako.

Yapo ambayo usiyafanye peke yako. Diski ikianza kugonga au kusoma kwa kusitasita, zima mashine na mpelekee fundi wa kuokoa data. Kila dakika inayoendelea kuzunguka inakula kilichobaki. MySQL ikikataa kuwaka na kulalamika kuhusu kurasa zilizoharibika, usifute mafaili ya logi ya InnoDB kwa sababu mtu mtandaoni alisema yeye yalimsaidia. Ikiwa imezimwa, kopi folda nzima pembeni kwanza, ndipo umwite mtu anayeijua kazi hiyo aje akae nawe. Kigezo cha innodb_force_recovery kuanzia 4 kwenda juu kinaweza kuharibu data moja kwa moja, na hakijaribiwi kwenye nakala pekee uliyonayo. Na kama bosi siku moja atasema hataki kupoteza hata muamala mmoja, hiyo ni kazi ya seva zinazokubaliana kabla ya kumjibu karani. Inahitaji mtandao thabiti kati yake na mtu wa kuiangalia muda wote, kwa hiyo mtafute mhandisi wa hifadhidata aje ofisini aone mazingira kabla hamjanunua chochote.

Kwa wiki hii anza na haya: leo --single-transaction na kuangalia aina za majedwali, kesho kuchomoa ile diski ya nje na kuvithibitisha vile vigezo viwili, kabla ya Ijumaa kompyuta ya pili iwe inavuta binlogi. XtraBackup isubiri wiki ijayo. Orodha ya kumpelekea bosi ni fupi: UPS mbili, kompyuta moja ya mezani iliyotumika, diski mbili, na vitabu vya stakabadhi. Na asubuhi ya mzigo mwingi, mitumbwi ikishamaliza kupakua, soma SHOW BINARY LOGS uandike ukubwa umeongezeka kiasi gani tangu usiku. Nitumie namba hiyo pamoja na kasi yako halisi ya kupakia intaneti, nikuambie kama dakika kumi zinatosha kufika nje ya ofisi au umwombe bosi akubali kumi na tano.